Nabadilisha TV ya chogo: ninunue ipi, na waya gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi hapa Tanga. TV yetu ya chogo imekufa na tumeamua kununua flati, lakini madukani nimechanganyikiwa. Mmoja ananiambia nichukue inchi 55 ya 4K, mwingine anasema 43 inatosha, wa tatu anasifia QLED. Nyumbani tuna king'amuzi cha dishi ambacho kimeunganishwa kwa zile waya tatu za rangi, kijana wangu ana PlayStation 4, na baba watoto ana sabufa yake ambayo hataki kuiacha. Kutoka kwenye kochi hadi ukutani ni mita 2.8, na nafasi ya TV kwenye kabati ina upana wa sentimita 105. Muuzaji anataka nichukue waya wa HDMI "wa dhahabu" kwa shilingi 60,000, wakati nje ya duka lake ziko za 5,000. Tofauti ni nini? Halafu umeme wa kwetu unakatika na kurudi kwa kishindo. Kaka yangu aliye Marekani anasema anaweza kunitumia TV ya huko. Nishauri.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umefanya jambo la maana sana kupima kabati na sebule kabla ya kutoa pesa. Watu wengi hupima baada ya TV kufika nyumbani, na hapo ndipo ugomvi na seremala unapoanza.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Nunua inchi 50 ya 4K, LED ya kawaida, ya kampuni ambayo ina mafundi na vipuri hapa nchini. Itundike ukutani badala ya kuibana kabatini. Waya wa HDMI wa 60,000 achana nao, na huenda hata huo wa 5,000 huuhitaji, nitakueleza kwa nini. Pesa utakayookoa hapo iweke kwenye kifaa cha kulinda umeme.

Tuanze na ukubwa. Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, na ni kioo peke yake bila fremu. TV ya inchi 43 ina kioo chenye upana wa sentimita 95 hivi, ya 50 sentimita 111, na ya 55 sentimita 122. Kwa hiyo kwenye nafasi yako ya sentimita 105 inaingia ya 43 tu, na yenyewe ukiongeza fremu inabakiwa na sentimita chache kila upande. Angalia pia miguu. TV nyingi za sasa hazina mguu mmoja wa katikati; zina miguu miwili iliyokaa karibu na ncha, kwa hiyo kabati au meza lazima iwe na upana unaokaribia wa TV yenyewe. Na TV iliyobanwa kabatini haipumui. Joto hutokea nyuma, na joto ndilo linaloua taa za ndani mapema.

Sasa hiyo mita 2.8. Kwa umbali huo, inchi 43 itakuwa ndogo. Picha utaiona, lakini maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari yatawapa shida wenye macho ya kuanzia miaka arobaini na kuendelea. Ya 55 haitakuwa kubwa mno kwa sebule yako, ila ina jambo moja: chaneli nyingi za kwenye ving'amuzi vyetu bado zinarushwa kwa ubora wa kawaida, si HD, na picha ya namna hiyo kadiri unavyoitanua ndivyo ukungu wake unavyojitokeza. Ndiyo maana nakupeleka kwenye 50. Kama nyumba yenu inaangalia zaidi chaneli za HD, YouTube na michezo ya kijana, chukua 55 bila wasiwasi.

Kuhusu 4K, muuzaji hajakudanganya, ila hajakwambia yote. Kioo cha Full HD kina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani kama milioni mbili. Cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni nane. Mara nne. Lakini jicho la binadamu lina mpaka wake. Kwenye TV ya inchi 50, mtu mwenye macho mazima akikaa mbali zaidi ya mita 2 hivi hawezi tena kuzitenganisha nukta za Full HD. Wewe utakaa mita 2.8. Maana yake, kwa kochi lako, idadi ya nukta peke yake haitakupa picha tofauti. Bado nasema chukua 4K, kwa sababu katika ukubwa huo ndizo zilizojaa madukani, na watengenezaji huweka vioo vyao vizuri na akili yao bora ya kusafisha picha kwenye hizo. Ila usiongeze hata shilingi kwa ajili ya 8K, yenye nukta nyingi kuliko hizo.

Tena 4K inahitaji kitu cha kuijaza. Dishi lako halikuletei 4K. Itatoka kwenye intaneti, na Netflix wenyewe wanashauri kasi ya megabiti 15 kwa sekunde, na wanasema saa moja ya 4K inaweza kula hadi GB 7. Filamu ya saa mbili haimalizwi na bando la GB 10. Kama hamna intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa kwa GB, ingia kwenye mipangilio ya programu hiyo uishushe hadi HD, ambayo hula hadi GB 3 kwa saa. Kwa mita zako 2.8 hutajutia.

Majina ya LED, QLED na OLED yanawachanganya wengi, na yameandikwa kwa makusudi yafanane. LED ni kioo cha LCD chenye taa ndogo za LED nyuma yake. QLED ni hiyohiyo, ila imeongezewa tabaka linalofanya rangi ziwe safi na nzito zaidi; kama tofauti ya bei ni ndogo, ichukue. OLED ni kitu kingine kabisa: kila nukta inajiwashia mwanga wake na kuuzima, kwa hiyo nyeusi yake ni nyeusi ya kweli. Ni TV nzuri mno, hasa usiku taa zikiwa zimezimwa. Lakini kwa nyumba inayowashwa asubuhi na kuzimwa usiku kwenye chaneli ileile, na nembo ya chaneli imekaa kona ileile, OLED inaweza kubaki na alama ya ile nembo kiooni. Na sebule ya Tanga yenye madirisha wazi mchana inahitaji TV yenye mwanga mkali. Kwako LED au QLED ndiyo sahihi.

Kitu ambacho muuzaji hatakionyesha ni pembe ya kutazama. Kuna vioo vya aina mbili kubwa, VA na IPS. VA hutoa nyeusi nzuri lakini ukikaa pembeni rangi zinapauka. IPS inavumilia pembeni, ila nyeusi yake inaelekea kijivu. Mnakaaje nyumbani? Kama wote mko kwenye kochi moja mbele ya TV, VA. Kama kuna viti vya pembeni, na watoto wako chini kwenye mkeka wanaangalia juu, tafuta IPS. Boksini kwa kawaida haijaandikwa, lakini huhitaji iandikwe: dukani sogea upande hadi ukutani, kisha chuchumaa mbele ya TV, uangalie nyuso za watu kwenye picha. Kama zimepauka hapo, nyumbani zitapauka vilevile.

Kibandiko cha HDR (picha yenye tofauti kubwa kati ya mwanga na giza) kwenye TV ya bei ya chini maana yake ni kwamba TV inaipokea hiyo ishara; kuionyesha inavyotakiwa kunahitaji mwanga mkali ambao TV hizo hazina. Usiilipie. Namba kama "Motion 120" au "200" ni hesabu za matangazo pia. TV nyingi za daraja lako ni hezi 60, yaani hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na hiyo inatosha, kwa sababu mpira wa dishi unakuja kwa 50 na PlayStation 4 haizidi 60.

Kuhusu TV kuwa na akili ya intaneti: hakikisha ina mfumo unaotambulika, iwe Google TV, webOS ya LG, Tizen ya Samsung au VIDAA ya Hisense. Ziko TV zinazouzwa kwa jina la Android lakini hazijaidhinishwa na Google. Netflix ndani yake ama haifunguki ama inafunguka kwa picha hafifu. Iwashe dukani, iunganishe na simu yako, fungua YouTube na Netflix mbele ya muuzaji.

Na ukiwa palepale, mwombe aitoe kwenye hali ya maonyesho. TV zote dukani zimewekewa rangi kali na mwanga wa juu kabisa, na video maalumu ya maua na vyura ambayo ingependeza hata kwenye TV mbovu. Nenda na flashi yenye picha tatu: moja nyeupe tupu, moja nyekundu tupu, moja nyeusi tupu. Kwenye nyeupe utaona nukta zilizokufa na mabaka. Kwenye nyekundu utaona kama rangi iko sawasawa kona zote. Kwenye nyeusi, taa za duka zikipunguzwa, utaona mwanga unaovuja pembeni. Halafu mwambie aweke chaneli ya kawaida, taarifa ya habari kwa mfano, uone ngozi ya mtangazaji inavyoonekana. Dakika kumi hizo zinakulinda kuliko maneno ya boksini.

Sasa nyaya, maana hapa ndipo watu wanaibiwa waziwazi.

Zile tatu za rangi unazotumia sasa, wa njano ni wa picha, mwekundu na mweupe ni wa sauti kulia na kushoto. Huo wa njano, hata king'amuzi kiwe cha HD na chaneli uwe umeilipia HD, unabeba picha ya mistari 576 tu na rangi zote zimekorogwa pamoja. Kwa TV ya chogo haikuwa na neno. Ukiuchomeka kwenye kioo cha inchi 50 utaona picha laini, kingo za maandishi zinatetemeka, nyekundu inamwagika nje ya jezi ya Simba. Watu wengi hunirudia wakisema TV mpya ni mbovu, nikienda nakuta waya wa njano nyuma. Kwa hiyo hatua itakayobadilisha picha yenu kuliko zote ni kutoka kwenye njano kwenda HDMI.

Geuza king'amuzi chako utazame nyuma. Kama kina tundu bapa lililoandikwa HDMI, safi. Kama hakina, hicho ni cha zamani cha ubora wa kawaida, na pesa ya kubadilisha king'amuzi itakufaa kuliko kupanda kutoka inchi 50 hadi 55. Kisha tafuta boksi la king'amuzi na boksi la PlayStation. PlayStation 4 huuzwa na waya wake wa HDMI, na ving'amuzi vya HD mara nyingi huja nao pia, ukabaki umefungwa mfukoni kwa sababu TV ya chogo haikuwa na pa kuuchomeka. Ukiikuta yote miwili, huna cha kununua.

Ikibidi kununua, elewa kwanza waya huu unafanya nini. Ndani yake kuna pini 19, na picha inapita kama namba, si kama mawimbi yanayofifia kidogo kidogo. Namba zikifika, picha ni ileile iliyotoka kwenye king'amuzi, nukta kwa nukta. Zisipofika zote, utajua: vimulimuli vyeupe vinaruka kiooni, picha inakatika sekunde moja na kurudi, au TV inaandika hakuna ishara. Hakuna hali ya katikati ambapo waya wa bei mbaya unaongeza wekundu au unanoa sura ya mtu. Muuzaji akikuambia rangi zitakuwa hai zaidi, hajui anachouza.

Kilicho cha kweli ni daraja la waya. High Speed hubeba gigabiti 10.2 kwa sekunde, na hiyo inatosha kabisa Full HD ya king'amuzi na PlayStation 4 ya kawaida. Premium High Speed hubeba 18, inayotosha 4K ya hezi 60, yaani kila kitu ambacho TV yako itaweza. Ultra High Speed hubeba 48, na inahitajika kwa PlayStation 5 kwenye TV ya hezi 120. Na hata PlayStation 5 huja na waya wake. Wewe chukua Premium, mita 2, uwe umejiandaa kijana akibadilisha mashine. Madaraja hayo mawili ya juu yana kibandiko cha uthibitisho chenye alama ya kuskani kwa simu. Maandishi kama "HDMI 2.0" au "8K" peke yake juu ya pakiti hayathibitishi chochote, maana namba hizo ni za matundu ya vifaa, si za waya.

Dhahabu nayo ina kazi moja ya halali: haishiki kutu. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, hewa ya chumvi inakula vyuma vya nyaya, na ncha iliyopakwa dhahabu inadumu. Lakini upako huo ni mwembamba sana na uko hata kwenye nyaya za bei ya kawaida. Usilipe 60,000 kwa ajili yake.

Ule wa 5,000 je? Unaweza kufanya kazi miaka. Tatizo lake si picha, ni mwili wake. Ndani wameweka nyuzi nyembamba kuliko inavyotakiwa na risasi ya kuungia ni ya haraka haraka. Ushike, upinde karibu na kichwa. Kama kichwa kinacheza, uache. Uchomeke kwenye TV ya dukani: ukiona unaning'inia au unatoka kwa kuguswa, uache. Ukibana vizuri na ni wa mita 1.5 au 2, utakuhudumia kwa king'amuzi bila shida.

Urefu ndio unaoleta matatizo kuliko bei. Hadi mita 3 karibu kila waya unafanya kazi. Kwa 4K ya hezi 60 mita 5 ndiyo mwisho wa kuamini waya wa kawaida. Ukivuka hapo inabidi wenye fiba ndani, ambao una upande wa kutokea na upande wa TV, umeandikwa kwenye vichwa vyake. Ukiugeuza hautoi kitu. Kwa kuwa TV yako itakuwa ukutani na king'amuzi kitabaki kabatini chini yake, mita 2 zinatosha na kubaki. Kama fundi atapitisha nyaya ndani ya ukuta, asizizike kwenye plasta. Aweke bomba la plastiki lenye upana wa kupitisha kichwa cha HDMI, ili siku ukibadilisha waya usivunje ukuta. Wakati wa kuchagua TV hesabu matundu: yawe matatu. King'amuzi, PlayStation, na moja litabaki kwa sabufa, kama inaweza kulitumia.

Hapo kwenye sabufa inabidi uniangalizie kitu nyuma yake. Kama ina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, iunganishe na tundu la TV lililoandikwa ARC vilevile, kwa kawaida ni moja tu, na rimoti ya TV itaongoza sauti zote. Kama ina tundu dogo la mraba lenye kifuniko, kama lile linalotoa mwanga mwekundu kwenye TV, hilo ni la waya wa mwanga. Unafanya kazi vizuri, ila kwenye mipangilio ya sauti ya TV chagua PCM, vinginevyo sabufa nyingi hukaa kimya. Nadhani lakini ya baba watoto ina matundu mekundu na meupe tu, kama zilivyo nyingi mtaani. Basi tafuta TV yenye tundu la hedifoni, na ununue waya wa bei nafuu wenye pini ya hedifoni upande mmoja na mekundu-meupe upande wa pili. Angalia hili kabla ya kulipa, kwa sababu TV mpya nyingi zimeondoa tundu la hedifoni. Ikiwa uliyoipenda haina, kuna kisanduku kidogo cha kugeuza sauti ya waya wa mwanga kuwa mekundu-meupe. Bluetooth itaimba muziki vizuri, lakini kwenye taarifa ya habari mdomo na sauti vinaweza kupishana.

Umeme. Nakuomba uusome mstari huu kwa makini kuliko yote ya juu, kwa sababu TV nyingi ninazoletewa hazikuharibiwa na ubovu wao. Umeme unapokatika hauui TV. Unaporudi ndipo unapopanda ghafla na kuua. Nunua kile kifaa ambacho madukani wanakiita TV Guard, kinachokata umeme ukipanda au ukishuka kupita kiasi na kusubiri kidogo utulie kabla ya kuurudisha. Kama kwenu taa hufifia kila jioni, ongeza stabilaiza. Ekstensheni ya kawaida yenye taa nyekundu hailindi chochote. Na mvua ya radi ikianza, chomoa vitu viwili: plagi, na waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Wengi huchomoa plagi wakaacha dishi, na radi huingia kwa njia ya dishi, inapitia king'amuzi, inavuka kwenye HDMI na kuunguza TV iliyokuwa imezimwa.

Liko jambo jingine dogo. Umewahi kugusa chuma cha waya wa dishi ukasikia kama sisimizi wanatembea kwenye vidole? Hiyo inatokea nyumba isipokuwa na waya wa ardhini unaofanya kazi, au plagi ya pini mbili imelazimishwa kwenye soketi. Umeme mdogo unakaa kwenye maganda ya vifaa, na unapochomeka HDMI vifaa vikiwa vimewashwa, cheche moja ndogo inaunguza chipu ya tundu. TV inabaki nzima, tundu moja limekufa. Zima swichi za ukutani za TV na king'amuzi kwanza, chomeka HDMI, kisha washa. Na mwite fundi umeme akupimie hiyo ardhi. Inalinda watoto wako pia, si TV tu.

Kuhusu kutundika: nyuma ya TV kuna mashimo manne yaliyopangwa kwa kipimo kinachoitwa VESA, pengine 200 kwa 200 za milimita. Nunua breketi inayolingana. Ukuta wa tofali unabeba bila shida; wa jipsamu lazima fundi atafute mbao au chuma cha ndani. Katikati ya kioo pakae usawa wa macho ya aliyeketi, kama mita 1.1 kutoka sakafuni. Kuiweka juu karibu na dari kama baa kutawaumiza shingo.

TV ya kaka wa Marekani, mshukuru na umwambie asitume. Kule mitambo ya antena ni ya mfumo wa ATSC, huku ni DVB-T2, kwa hiyo haitashika chaneli yoyote ya hewani kwa antena yake yenyewe. Baadhi zinakubali volti 120 tu, na huku tunatumia 230. Ukiichomeka inakufa papo hapo. Vioo huvunjika safarini, na waranti ya huko haikusaidii Tanga. Kama anataka kusaidia, atume pesa ununue hapa, upate risiti ya EFD na karatasi ya waranti yenye muhuri wa duka.

Ukiagiza kutoka Kariakoo, TV iwashwe na ipigwe video mbele ya mtu wako kabla haijafungwa. Njiani isimame wima ndani ya boksi lake, isilazwe chini, na mzigo wowote usiwekwe juu yake. Kondakta akisema ataipanga chini ya mabegi, lipia nafasi nyingine. Bodaboda usithubutu.

Ikishafika, ingia kwenye king'amuzi uweke utoaji wa picha 1080i na umbo 16:9, la sivyo watangazaji wote watanenepa. Kwenye TV toa ile hali ya rangi kali, chagua ya sinema au ya kawaida, na ukubwa wa picha uwe ule usiokata kingo. Kijana akicheza, kuna hali ya mchezo. Aiwashe ili kitufe na picha viende pamoja. Halafu shusha mwanga wa nyuma hadi kama 60 au 70 kati ya 100. Taa za ndani zimeunganishwa kwa mstari, moja ikiungua nyingine zote zinazima, na mwanga wa juu muda wote ndio unaoziunguza. Ikitokea siku moja sauti ipo na kioo ni cheusi, usikubali fundi akuambie kioo kimekufa. Zima taa za sebuleni, mulika tochi ya simu karibu kabisa na kioo. Ukiona picha hafifu inatembea ndani, kioo ni kizima, taa ndizo zimekwisha, na taa hubadilishwa.